Kiti cha Gari Kuukuu na Somo la Kemia

Gari kuukuu linapofikishwa kwa fundi wa viti, swali la kwanza la mwenyewe huwa ni bei. Fundi huuzunguka mwili wa gari, hubonyeza viti, hutazama dari inayoning'inia, kisha hutaja kiasi. Mwenye gari hushtuka, hubembeleza, na hatimaye wawili hao huafikiana kwa masharti kwamba vifaa viwe vya bei ya chini. Kisu huingizwa katika mshono wa kwanza. Kabla jua halijatua, kila kilichotoka kiwandani miaka hamsini iliyopita kimo katika lundo la takataka, na badala yake pamewekwa sponji nyepesi na ngozi ya bandia inayong'aa. Baada ya masika mawili ngozi ile imebanduka, sponji imelala, na sakafu imetoboka kwa kutu. Mwenye gari humlaumu fundi, fundi huzilaumu bidhaa za siku hizi. Katika wawili hao hakuna aliyeuliza swali lililopaswa kutangulia bei: kitu hiki kimeharibiwa na nini?

Hoja ya makala haya ni kwamba ukarabati wa gharama ndogo si ukarabati wa vifaa duni. Ni ukarabati unaoanza kwa kutambua kila sehemu imetengenezwa kwa mali gani, na mali hiyo imechakaa kwa sababu gani. Ajuaye hayo hununua machache. Asiyejua hununua mara mbili. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya maarifa hayo imo katika masomo ya kemia na fizikia ya shule za sekondari, ni jambo la kusikitisha kwamba mwanafunzi huyasoma bila kuyaona, na fundi huyaona bila kuyasoma.

Mfano wa gari moja

Na lichukuliwe gari linalojulikana na wengi: Volkswagen ile ndogo yenye mgongo wa kobe. Ilianza kutengenezwa kwa wingi mjini Wolfsburg, Ujerumani, baada ya Vita Kuu ya Pili, na ya mwisho ilitoka katika kiwanda cha Puebla, Meksiko, mwezi Julai 2003. Jumla yake ilizidi milioni 21. Katika Afrika Mashariki ilijipatia heshima mapema, kwani ilishinda mashindano ya Safari katika miaka ya 1954, 1957 na 1962, katika barabara za vumbi na matope zilizoyashinda magari mengi yenye nguvu zaidi.

Ndani yake hamna makuu. Viti vina fremu ya chuma na springi. Juu ya springi hutandikwa gunia, kisha mto wa nyuzi zilizoshikanishwa kwa mpira, na juu kabisa huvikwa kitambaa au ngozi ya bandia. Milango imefunikwa kwa mbao nyembamba za nyuzi za miti zilizoshindiliwa. Dari ni ya kitambaa au, katika magari ya miaka ya baadaye, ya ngozi ya bandia yenye vitundu vidogo. Sakafuni pana mikeka ya mpira. Betri haikuwekwa karibu na injini, bali chini ya kiti cha nyuma. Hivyo basi, katika nafasi isiyozidi chumba kidogo cha stoo, zimekutana chuma, mpira, nyuzi za mimea, plastiki na asidi. Kila moja ina namna yake ya kuzeeka, na kila moja huhitaji tiba yake.

Maji ndiyo adui wa kwanza

Mwenye fedha kidogo asianze na viti. Aanze na maji. Raba zinazozunguka vioo zilifanywa imara kwa kupikwa pamoja na salfa, njia iliyogunduliwa na Charles Goodyear mwaka 1839. Hata hivyo, molekuli za mpira wa asili hubaki na vifungo maradufu vingi, na ozoni iliyo hewani huvikata vifungo hivyo. Ndiyo sababu raba kuukuu huwa na nyufa nyingi ndogo, hasa pale ilipovutwa au kupindwa. Katika nyufa hizo maji ya mvua hupenya, hutiririka taratibu nyuma ya ubao wa mbele, na kutulia chini ya mkeka wa sakafu mahali yasipoonekana.

Chuma, maji na oksijeni vikikutana, kutu haina budi kutokea. Chumvi huiharakisha, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na kutu ni kazi ya umeme kama ilivyo ya kemia. Kwa hiyo sakafu ya gari lililokaa Tanga au Mombasa hutoboka mapema kuliko ya gari lililokaa Dodoma. Zulia jipya juu ya sakafu yenye unyevu halirekebishi chochote. Huwa ni sifongo inayoshikilia maji yaliyokuja kuila sakafu.

Mlango nao una siri ambayo mafundi wengi huipuuza. Maji ya mvua hushuka kando ya kioo na kuingia ndani ya mlango. Hilo si kosa, kwani wabunifu walilitarajia, na chini ya mlango waliacha matundu ya kuyatoa. Kati ya bati na ubao wa ndani waliweka karatasi ya lami au ya plastiki ili ubao usilowe. Fundi mwenye haraka huichana karatasi hiyo na kuitupa. Matundu huzibwa na vumbi. Baada ya mwaka mmoja ubao umevimba na kupindika, na mwenye gari huambiwa kwamba anahitaji mbao mpya.

Tiba yake ni ya gharama ndogo mno. Matundu yazibuliwe kwa waya. Karatasi nene ya plastiki ikatwe na kugandishwa mahali pake. Ubao uliokufa kabisa ugeuzwe kiolezo, na mpya ukatwe kutoka katika hadibodi ya unene wa milimita 3. Kingo zake zote, pamoja na kila tundu lililotobolewa, zipakwe vanishi mara mbili au tatu, maana maji huingia kwa kasi zaidi kupitia kingo kuliko kupitia uso ulio laini. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa maneno hayo yanapaswa kuchukuliwa kama yalivyo.

Chini ya kiti cha nyuma adui si maji peke yake, ni asidi salfuriki inayomwagika kutoka katika betri. Bati la hapo huoshwa kwa maji yaliyoyeyushwa magadi. Kabonati iliyomo humenyana na asidi na kutoa mapovu ya kabonidioksaidi. Mapovu yanapokoma, asidi imekwisha. Kisha pasuuzwe kwa maji matupu, pakaushwe, pasuguliwe kutu na kupakwa rangi. Hakuna dawa ya dukani inayoishinda kazi hiyo.

Ngozi ya bandia hukaushwa na nini?

Ngozi ya bandia ya magari ya wakati huo, kwa sehemu kubwa, ni kitambaa kilichopakwa plastiki iitwayo polivinili kloridi, kwa kifupi PVC. Plastiki hiyo ikiwa peke yake ni ngumu. Mabomba mengi ya maji hutengenezwa kwayo. Mwaka 1926 mkemia wa Kimarekani, Waldo Semon, alipata njia ya kuilainisha kwa kuichanganya na vimiminika vizito. Molekuli za kilainishi hujipenyeza kati ya minyororo mirefu ya plastiki na kuiwezesha kuteleza, mmoja juu ya mwingine. Lakini hazikufungwa humo kwa kifungo cha kikemikali. Hutoka polepole, hasa penye joto. Ule utando wa mafuta unaoonekana ndani ya kioo cha mbele cha gari lililoachwa juani kwa siku nyingi, sehemu yake ni vilainishi hivyo. Miali ya urujuanimno nayo huidhoofisha minyororo yenyewe, na joto likizidi plastiki huachilia haidrojeni kloridi, ambayo huchochea uharibifu zaidi. Mwishowe kiti hukakamaa na kupasuka palepale anapokunja mgongo mwenye kukikalia.

Ajuaye jambo hilo huepuka makosa matatu yanayokula fedha. La kwanza ni kusafisha viti kwa petroli. Petroli huondoa uchafu, ni kweli, lakini huondoa na kilainishi pia, na kiti kilichong'aa jioni hukakamaa kabla ya wakati wake. Maji ya vuguvugu, sabuni isiyo kali na kitambaa laini vinatosha. La pili ni kupaka mafuta kwa kuamini kwamba yanarudisha ulaini. Mafuta hutoa mng'ao na kukusanya vumbi. Hayawezi kuurudisha mchanganyiko uliofanywa kiwandani kwa joto. La tatu ni kuliacha gari juani baada ya kulitengeneza. Uso wa dashibodi chini ya kioo katika jua kali waweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi. Kwa kanuni ya kukadiria, kasi ya mabadiliko mengi ya kikemikali huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10. Kutoka nyuzi 40 za kivulini hadi 70 za juani ni hatua tatu, yaani mara 2 kwa 2 kwa 2, ambayo ni 8. Shuka nyeupe iliyotandikwa nyuma ya kioo, au kivuli cha mwembe, ni kinga bora kuliko chupa yoyote ya dawa.

Pale palipokwisha kupasuka, si lazima kiti kizima kivuliwe. Gamba la kiti hushonwa kwa vipande, na aghalabu kinachokufa ni kipande cha katikati cha kiti cha dereva na ukingo unaosuguliwa anapoingia na kutoka. Fundi stadi hufumua mshono wa kipande hicho peke yake, hukitumia kuwa kiolezo, na kushona kipya kwa uzi wa nailoni au poliesta, kwa kuwa uzi wa pamba huozeshwa na unyevu na jua. Kama rangi ya zamani haipatikani dukani, mara nyingi ipo chini ya kiti penyewe, katika pindo lililokunjwa kuzunguka fremu, mahali ambapo jua halikufika.

Anayelazimika kununua ngozi mpya ya bandia atahadhari. Zipo sokoni aina mbili zinazofanana kwa macho: ile ya PVC na ile ya poliyurethani. Baadhi ya ngozi za poliyurethani, hasa zile za bei ya chini, huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa, na utando wake hubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Katika miji ya pwani jambo hilo halichukui miaka mingi. Mwalimu wa kemia anaweza kuzitenganisha kwa dakika moja. Waya wa shaba hupashwa moto mpaka usitoe rangi katika mwali, huguswa kwenye kijipande cha ngozi, na kurudishwa motoni. Mwali ukigeuka kijani, klorini ipo, na hiyo ni PVC. Jaribio hilo lifanywe na mwalimu mahali penye hewa nyingi, kwa kijipande kidogo kisichozidi ukucha, kwa kuwa moshi wake ni sumu.

Makumbi, gunia na sponji

Mto wa kiti cha Volkswagen za zamani uliundwa kwa nywele za farasi au nyuzi za makumbi ya nazi, zilizokunjwakunjwa, zikanyunyiziwa utomvu wa mpira na kupashwa moto mpaka zikashikana. Hilo linapaswa kumpendeza msomaji wa pwani. Wanawake wa Unguja hufukia makumbi katika mchanga au tope la ufukoni kwa miezi kadhaa. Bakteria hula nyama laini iliyo kati ya nyuzi. Kisha makumbi hufukuliwa, hupondwa, na nyuzi husokotwa kamba. Nyuzi zenyewe haziozi upesi kwa sababu zina lignini nyingi kuliko nyuzi nyingi nyingine za mimea. Wajerumani walizichagua kwa sifa ileile aijuayo mfuma kamba: zina mnepo, hupitisha hewa, na hustahimili unyevu.

Mto kama huo hufa pale mpira unaoshikanisha nyuzi unapokauka. Vumbi la rangi ya kahawia huanguka sakafuni, na springi huanza kumchoma mkaaji. Sehemu ya chini mara nyingi ingali nzima. Hapo inatosha kutandika gunia jipya juu ya springi, la jute au la mkonge, na kuongeza tabaka la nyuzi za usumba lililoshonewa kwenye gunia hilo kwa uzi mnene ili lisikusanyike upande mmoja. Kuna sharti moja tu, nalo ni la kikemia. Nyuzi zilizozikwa ufukoni zina chumvi, na chumvi ni sumu ya springi. Zioshwe katika maji baridi yasiyo ya chumvi, tena na tena. Maji ya mwisho yapelekwe katika maabara ya shule na kutiwa matone ya nitrati ya fedha. Yakifanya mashapo meupe, kloridi ingalipo, na nyuzi zirudishwe majini.

Anayechagua sponji naye asiridhike na kuibonyeza kwa kidole dukani. Sponji ya viti ni povu la poliyurethani, jamii ya plastiki iliyoanzishwa na Otto Bayer na wenzake nchini Ujerumani mwaka 1937. Ubora wake hutegemea sana densiti, na densiti hupatikana kwa mizani na rula. Kipande cha sentimita 50 kwa 50 kwa 10 kina mjao wa meta za ujazo 0.025. Kikiwa na uzito wa kilo 0.75, densiti yake ni kilo 30 kwa kila meta ya ujazo, nacho kitafaa kukaliwa kila siku. Kikiwa na kilo 0.4, densiti ni 16 tu; kitalala upesi hata kama leo kinajaa vizuri mkononi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaijua hesabu hiyo. Swali ni kama amewahi kuambiwa kwamba yaweza kumwokolea mzazi wake fedha.

Mahali ambapo fedha zisiokolewe

Uchumi una mpaka wake. Sponji iliyogeuka unga haina tiba, na itupwe. Mikanda ya usalama iliyochakaa au iliyopaushwa na jua isishonwe wala kutiwa kiraka, bali ibadilishwe, kwa kuwa nyuzi zake hudhoofika kabla hazijakatika, na udhaifu huo hauonekani mpaka siku ya ajali. Petroli, mbali na kuharibu viti, hutoa mvuke unaolipuka, na ndani yake mna benzini, ambayo imethibitika kusababisha saratani ya damu. Gundi ya viatu ambayo mafundi huitumia kwa dari na milango ina viyeyusho vinavyolevya na kudhuru ubongo. Isipakwe ndani ya gari lililofungwa milango, wala mtoto wa kazi asitumwe humo peke yake.

Katika gari hili ipo hatari nyingine iliyo yake hasa. Kwa kuwa betri iko chini ya kiti cha nyuma, springi zilizolegea zaweza kugusa ncha yake chanya pale abiria mzito anapokaa. Fremu ya kiti inagusana na mwili wa gari, na mwili wa gari umeunganishwa na ncha hasi. Mkondo mkubwa wa umeme hupita, springi huwa nyekundu kwa moto, na mto wa nyuzi kavu huwaka. Magari yamekwisha kuteketea kwa namna hiyo. Kifuniko cha mpira mnene au plastiki juu ya betri ni kitu cha thamani ndogo kuliko vyote vilivyotajwa hapa, na ndicho kisichopaswa kukosekana hata siku moja.

Mahali pa somo hili shuleni

Pengine atatokea wa kusema kwamba gari kuukuu ni anasa ya watu wachache, na kwamba shule zisizo na vitabu vya kutosha hazina haja ya kujishughulisha nalo. Pingamizi hilo lina uzito, lakini limelenga kando. PVC ileile imefunika godoro la wagonjwa hospitalini na kiti cha basi liendalo mkoani. Sponji ileile imo katika kochi la sebuleni. Kutu ileile inakula mabati ya paa la shule yenyewe. Gari kuukuu ni mfano tu. Faida yake ni kwamba limeyakusanya yote pamoja, na mwenye gari, fundi na mwanafunzi wote hutamani kuona likitengenea.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, alikosoa shule inayomtenga mwanafunzi na jamii yake na kumfundisha kudharau maarifa yasiyotoka vitabuni. Shule nyingi zilielewa kwamba maana yake ni jembe na shamba. Zilikuwa sahihi, ila hazikufika mwisho wa fikra hiyo. Karakana iliyo ng'ambo ya barabara ni shamba pia. Fundi wa viti, ambaye huenda hakumaliza darasa la saba, anajua kwa vidole vyake ni uzi gani unaooza na ni gundi gani inayoachia wakati wa joto. Hayo ni matokeo ya majaribio ya miaka ishirini, yaliyokosa daftari tu la kuyaandikia.

Kwa hiyo mwalimu hahitaji kungoja fungu la fedha. Kipande cha ngozi ya bandia kilichotupwa, kimoja kikitundikwa juani na kingine kabatini, vikunjwe mbele ya darasa mwishoni mwa kila muhula. Misumari iwekwe katika maji matupu na katika maji ya chumvi. Sponji za maduka mawili zipimwe. Kisha wanafunzi wapelekwe kwa fundi, si kwa kumfundisha, bali kwa kumuuliza na kulinganisha majibu yake na vitabu vyao. Pale ambapo majibu hayalingani, ndipo somo litakapoanza.

Mwanafunzi aliyepitia njia hiyo, siku atakapokuwa na gari, kochi au paa lake mwenyewe, hataanza kwa kuuliza bei. Atainua mkeka kwanza na kutazama kama chini yake pana maji.